Pampu, Gari na Muhogo

Petroli inayoingia kwenye tangi la bodaboda wa Ilagala imesafiri mbali kuliko abiria wake wengi. Imeshushwa melini Dar es Salaam, ikavuka Morogoro, Dodoma na Tabora kwa lori au behewa, ikafika Kigoma, mwisho wa reli yenye urefu wa kilomita zipatazo 1,250. Hapo imegeuzwa kusini, ikafuata mwambao wa Ziwa Tanganyika hadi karibu na mahali Mto Malagarasi unapomwaga maji yake ziwani. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mdhibiti wa nishati nchini, inapotangaza bei kikomo, safari hiyo yote huhesabiwa kwa shilingi, na wanaoilipia ni watu wa magharibi ya nchi.

Ilagala, katika Wilaya ya Uvinza, ni nchi ya muhogo, michikichi na samaki. Muhogo huvunwa, huvundikwa, huanikwa na kusagwa. Unga wake huliwa hapa, na mwingine huvuka kwenda Burundi na Kongo. Ndani ya mzizi huo mna wanga. Wanga ukigeuzwa sukari, sukari ikachachushwa, na kinachopatikana kikatoneshwa kwa moto, hutoka ethanoli, kilevi kilekile kinachoendesha mamilioni ya magari huko Brazil. Ujuzi wa awali wa kazi hiyo haujapungua vijijini. Gongo ni ethanoli iliyochanganyika na maji na mambo mengine ya hatari, na tangu 1966 nchi ina sheria ya kudhibiti utengenezaji wa pombe ya moshi.

Kwa nini basi mafuta yatoke ng'ambo, yapite nusu ya bara, yauzwe ghali mahali ambapo malighafi ya mafuta mengine imeota nyuma ya nyumba? Kemia haina kosa. Tatizo ni la watu watatu wanaosubiriana. Mwenye kiwanda hataki kutengeneza ethanoli isiyo na pampu ya kuiuzia. Mwenye sheli hataki kuchimbia tangi jipya kwa ajili ya magari yasiyokuwepo. Mwenye kuuza magari na pikipiki haagizi chombo cha kutumia mafuta yasiyopatikana. Mkulima yuko nyuma yao wote, na hekta yake moja au mbili, akiuliza bei.

Nchi kadhaa zimewahi kuuvunja mzunguko huo, kila moja ikianzia kwa mtu tofauti kati ya hao watatu. Zilikofika kuna mengi ya kuifaa Kigoma.

Brazil ilianzia kwa mwenye kiwanda. Novemba 1975, baada ya bei ya mafuta duniani kupanda ghafla, serikali ya kijeshi ya nchi hiyo ilianzisha mpango wa Proálcool, ikawapa wenye viwanda vya sukari mikopo nafuu na uhakika wa soko. Mwaka 1979 ilitoka Fiat 147, gari la ethanoli tupu. Katikati ya miaka ya 1980 zaidi ya asilimia 90 ya magari mapya yaliyouzwa Brazil yalikuwa ya ethanoli. Kisha bei ya sukari ikapanda, wenye viwanda wakageuzia miwa kwenye sukari, na ilipofika 1989 wenye magari wakajikuta kwenye foleni za mafuta yasiyokuwepo. Gari lao halikujua kunywa kitu kingine. Imani ilivunjika kwa miaka kumi na zaidi.

Iliyoirudisha ni Volkswagen Gol ya Machi 2003, gari lililoweza kutumia petroli, ethanoli, au mchanganyiko wowote wa viwili hivyo ndani ya tangi moja, yaani gari la fleksi. Siri yake ni ya kihesabu. Kuunguza kilo moja ya petroli kikamilifu kunahitaji kilo 14.7 za hewa. Ethanoli inahitaji kilo 9 tu. Kihisi kilichopo kwenye bomba la moshi hupima oksijeni iliyobaki, kompyuta ya injini ikatambua kilichomo ndani ya tangi, ikaongeza au kupunguza mafuta yanayopulizwa. Sehemu za mpira na chuma zinazogusana na mafuta hutengenezwa kwa vitu visivyoliwa na ethanoli. Basi.

Dereva wa Brazil alijifunza hesabu moja ya haraka. Lita ya ethanoli ina takriban theluthi mbili ya nguvu iliyomo ndani ya lita ya petroli, kwa hiyo ethanoli inalipa pale bei yake isipozidi asilimia 70 ya bei ya petroli. Ikizidi hapo, anajaza petroli na kwenda zake. Miwa ikikosekana, gari halilali. Kwa hili gari la fleksi linastahili sifa kuliko ufundi wake wote: limempa mnunuzi uwezo wa kukataa, na mnunuzi mwenye uwezo huo haogopi kujaribu.

Marekani ilianzia kwa mwenye gari. Sheria ya 1988 iliwapa watengenezaji wa magari nafuu katika hesabu za matumizi ya mafuta endapo wangetengeneza magari ya fleksi. Wakatengeneza, kwa mamilioni. Idadi ilifika milioni 20 na zaidi. Lakini sheria haikumgusa mwenye pampu kwa uzito huohuo. Vituo vyenye E85, yaani mafuta ambayo ethanoli inaweza kufika asilimia 85, vilibaki elfu chache kati ya zaidi ya laki moja, vingi vikiwa kwenye majimbo yanayolima mahindi. Wamarekani wengi waliendesha magari ya fleksi miaka nenda rudi bila hata kujua, wakijaza petroli ya kawaida.

Sweden ilianzia kwa mwenye pampu, na habari ya Sweden inaingia moja kwa moja Tanzania.

Per Carstedt alikuwa muuzaji wa magari ya Ford kaskazini mwa Sweden. Miaka ya 1990 alianza kuagiza magari ya fleksi kutoka Marekani na kuyauza kwa halmashauri, kampuni na watu binafsi, huku akihangaika kuwashawishi wenye vituo waweke pampu. Pampu ziliongezeka moja baada ya moja. Aprili 2006 sheria ya Sweden ikavilazimisha vituo vikubwa kuuza angalau aina moja ya nishati jadidifu, na kwa kuwa pampu ya ethanoli ndiyo iliyokuwa rahisi kufunga, wengi waliichagua hiyo. Vituo vya E85 vikapita 1,000. Mwaka 2008 karibu gari moja kati ya matano mapya nchini humo lilikuwa la fleksi.

Magari yapo, pampu zipo. Ethanoli itoke wapi? Miwa haioti Sweden. Kampuni ya SEKAB, ambayo Carstedt aliiongoza, iliitazama Afrika Mashariki. Ikaja Bagamoyo, kwenye ardhi ya iliyokuwa ranchi ya Serikali ya Zanzibar, ikataka hekta zaidi ya 20,000 za miwa. Kwa Rufiji ilizungumzia hekta 400,000. Hiyo ilikuwa 2006 hadi 2008, wakati wawekezaji wa nishati mimea walipokuwa wakimiminika nchini: Sun Biofuels kupanda mibono Kisarawe kwenye hekta 8,211 zilizotoka katika vijiji 11, BioShape kufanya hivyo Kilwa, na wengine.

Mwishoni mwa 2008 bei ya mafuta duniani ikaporomoka. Wasweden wakarudi kwenye petroli, na fedha za uwekezaji zikakauka. Oktoba 2009 SEKAB iliuza shughuli zake za Tanzania kwa kampuni ya Carstedt mwenyewe kwa krona 400, fedha isiyotosha kununua matairi ya gari dogo. Mwaka huohuo serikali ilisimamisha maombi mapya ya ardhi ya nishati mimea, na 2010 ikatoa mwongozo. Sun Biofuels ilianguka 2011, na wanakijiji wa Kisarawe wakabaki na mashamba wasiyoweza kuyaingia na ajira zilizokufa. Mradi wa Bagamoyo uligeuka kuwa wa sukari, ukakwama, hati ya ardhi ikafutwa, na Aprili 2022 baraza la usuluhishi la ICSID likaiamuru Tanzania ilipe fidia ya zaidi ya dola milioni 100 za Marekani. Kwenye ardhi hiyohiyo sasa kuna Bagamoyo Sugar ya kundi la Bakhresa, inayozalisha sukari ya kuuzwa madukani hapa nchini.

Habari hiyo imewafanya Watanzania wengi waione nishati mimea kama jina jingine la kunyang'anywa ardhi. Wana haki. Lakini ikisomwa kwa makini inaeleza zaidi ya hapo. Mradi wa Bagamoyo haukuwa na mnunuzi hata mmoja nchini. Dereva wa Chalinze hakuwa ndani ya hesabu yake, wala bodaboda wa Kiwangwa. Soko lilikuwa Sweden, katika miji kama Örnsköldsvik na Stockholm, na soko hilo lilipobadili mawazo, shamba la Bagamoyo halikuwa na pa kukimbilia.

Kigoma nayo ilionja. FELISA, kampuni ya Wabelgiji na Watanzania iliyoanzishwa 2005, ilikuja kulima michikichi kwa ajili ya dizeli ya mimea, kwenye hekta zaidi ya 4,000 za shamba lake pamoja na wakulima wa nje. Wazo lilikuwa na udhaifu ambao mama yeyote wa soko la Mwanga angeuona: mawese yana mnunuzi tayari. Yanapikiwa, yanatengenezewa sabuni, yanasafirishwa. Mwaka 2018, serikali ilipoanza kulihimiza zao la michikichi mkoani humo na kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kupewa kazi ya kuzalisha mbegu bora za Tenera, ilielezwa kwamba nchi ilihitaji tani 570,000 za mafuta ya kula kwa mwaka na kuzalisha 205,000 tu. Kuyachoma mawese kwenye injini huku taifa likiagiza mafuta ya kupikia kwa meli ni hasara mara mbili. Michikichi ya Ilagala iachwe jikoni.

Muhogo unahitaji hesabu yake, na ifanywe bila kujidanganya. Tani moja ya muhogo mbichi hutoa lita 150 hadi 180 za ethanoli. Kwa kila lita bilioni moja za petroli, kuweka ethanoli ya asilimia 10 kunahitaji lita milioni 100. Kwa muhogo peke yake hizo ni tani zaidi ya 600,000, na kwa mavuno ya tani 8 kwa hekta, ambayo ni ya kawaida kwa mkulima mdogo, ni hekta karibu 78,000. Kwa mavuno ya tani 20, yanayowezekana kwa mbegu safi zisizo na batobato wala michirizi kahawia, hekta zinashuka hadi kama 31,000. Yaani ugonjwa wa muhogo ni suala la nishati kama ulivyo suala la chakula, na pesa ya kwanza ya ethanoli inapaswa kwenda kwenye vipando.

Ipo pia molasi, mabaki ya kiwanda cha sukari, isiyoshindana na sahani ya mtu. Mwaka 2013 kiwanda cha sukari cha Kilombero kilifungiwa mtambo wa kutonesha wenye uwezo wa lita milioni 12 kwa mwaka, na kinachotoka humo huenda zaidi kwenye viwanda vya vinywaji. Ndivyo ilivyokuwa Kenya pia. Kuanzia 1983 hadi 1993 Kenya ilichanganya petroli na asilimia 10 ya ethanoli iliyotoka Muhoroni. Bei iliyopangwa na serikali haikumlipa mtengenezaji, kampuni za mafuta hazikuupenda mpango, na ethanoli ikaenda kwa wanywaji na kwa wateja wa nje waliolipa vizuri. Kiwanda hakikufa. Kilichokufa ni pampu.

Mfano unaofanana na Ilagala kuliko yote uko kwenye ufukwe wa ziwa jingine. Dwangwa ipo Nkhotakota, Malawi, mji ambao katika karne ya 19 ulikuwa kwa Ziwa Nyasa kama Ujiji ilivyokuwa kwa Tanganyika, kituo cha misafara na cha wafanyabiashara wa Kiswahili. Tangu 1982 kiwanda cha hapo kinatengeneza ethanoli ya kuchanganywa na petroli, na kingine kikaongezwa Chikwawa, kusini, 2004. Malawi haikufanya hivyo kwa mapenzi ya mazingira. Ni nchi isiyo na bahari, na vita vya Msumbiji vilikuwa vinaikatia njia za kwenda bandarini. Kila lita iliyotoka Dwangwa ilikuwa lita isiyohitaji kuvuka mpaka. Mpango huo umedumu miaka zaidi ya 40, ukipanda na kushuka kwa mavuno ya miwa, na serikali ikafika hatua ya kujaribu magari ya fleksi barabarani. Umbali, ambao huhesabiwa kuwa mkosi wa nchi za ndani, uliigeuza ethanoli kuwa biashara inayolipa.

Umbali huohuo uko Ilagala. Tuseme petroli inauzwa shilingi 3,000 kwa lita Dar es Salaam na 3,300 Uvinza. Kwa kanuni ya asilimia 70, ethanoli ya Dar inapaswa kuuzwa chini ya shilingi 2,100 ili imvutie dereva. Ya Uvinza inaweza kufika karibu 2,300 na bado ikamfaa. Lakini faida hiyo inayeyuka mara ethanoli inapopakiwa kwenda kuchanganywa Dar es Salaam na kurudi tena Kigoma ikiwa ndani ya petroli. Sheria ya kuchanganya nchi nzima, ikipitishwa bila kufikiria ghala la Kigoma, itaisaidia Kilombero na kuiacha Ilagala ilivyo.

Hapa gari la fleksi linarudi, na safari hii kwa sababu ya maji. Kutonesha kwa kawaida hufikisha ethanoli asilimia 95. Zinazobaki ni maji. Kuchanganya na petroli kunataka ethanoli kavu ya asilimia 99 na zaidi, na kuiondolea maji hayo ya mwisho kunahitaji mtambo wa ziada, wa gharama, usiofaa kiwanda kidogo. Injini ya fleksi ya Brazil hutumia ethanoli yenye maji yake bila kulalamika. Kiwanda cha ukubwa wa wastani kando ya mashamba ya Ilagala kinaweza kuiuzia injini hiyo moja kwa moja kwenye kituo cha jirani, bila bomba, bila ghala la mbali.

Injini yenyewe isiwe ya gari. Magari mengi ya nchi hii yametoka Japan yakiwa yametumika, na Japan kwa miaka mingi iliruhusu ethanoli asilimia 3 tu kwenye petroli yake. Kuyasubiri hayo kutachukua kizazi. Pikipiki hubadilishwa haraka. Honda ilitoa pikipiki ya fleksi Brazil mwaka 2009, CG 150 Titan Mix. TVS ya India, ambayo pikipiki zake ziko kila kijiwe cha Kigoma, ilizindua Julai 2019 Apache inayotumia ethanoli, na India kwa ujumla imefika petroli yenye ethanoli ya asilimia 20. Teknolojia iko kwa watengenezaji walewale wanaoiuzia Tanzania. Tofauti ni kwamba pikipiki za bei nafuu zinazoletwa huku zina kabureta, nayo haiwezi kujirekebisha. Inayotakiwa ni ya kupuliza mafuta kwa kompyuta, na bei yake iko juu.

Mashine za boti zisiguswe. Ethanoli huvuta maji. Yakizidi, ethanoli na maji hujitenga na petroli na kuzama chini ya tangi, mahali hasa mrija unapofyonzea. Kwenye barabara ya Simbo injini ikizimika, dereva anasukuma. Kwenye Ziwa Tanganyika, usiku, katika upepo wa kusini wa miezi ya kiangazi, ni maisha ya watu. Popote ambapo ethanoli itaingia kwenye pampu za mwambao, petroli safi ya wavuvi lazima ibaki pembeni, na alama yake isomeke na kila mtu.

Mto nao una haki yake. Kila lita ya ethanoli huacha lita 10 hadi 15 za maji machafu ya moto, yenye tindikali na njaa kubwa ya oksijeni. Yakimwagwa Malagarasi yataua samaki, na bonde la mto huo, kwa jina la Malagarasi-Muyovozi, ndilo eneo la kwanza la Tanzania kuingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu muhimu duniani, mwaka 2000. Maji hayo yakitibiwa hutoa gesi ya kuchemshia mtambo na mbolea ya mashamba. Kiwanda kisicho na bwawa la kutibu maji kisipewe kibali, hata kikiahidi ajira za kijiji kizima.

Bado swali la nani aanze halijajibiwa, na huenda jibu ni mtu wa nne, ambaye hakuwamo kwenye mzunguko ule: mpishi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. Jiko la ethanoli halihitaji ethanoli kavu, wala kihisi, wala fundi. Kiwanda kinaweza kuanza kwa kumhudumia anayenunua mkaa leo, kikajijengea mapato, kikaweka pampu ya pikipiki mlangoni zinapofika. Ethanoli hiyo itiwe rangi na kichungu mapema, kiwandani, ili isinyweke, na sheria ya 1966 isaidiwe na kanuni mpya inayotofautisha kiwanda cha mafuta na pipa la gongo. Mwekezaji mdogo hawezi kufanya kazi akiwa hajui kama atakamatwa.

Zinazobaki ni pikipiki za kwanza, zile ambazo hakuna muuzaji atakayeziagiza kwa kubahatisha. Halmashauri zote nchini zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na vikundi vya vijana huomba mikopo hiyo mara nyingi kununulia bodaboda. Uvinza ikikubaliana na Kigoma, Kasulu na Buhigwe kwamba pikipiki za mikopo hiyo ziwe za fleksi, serikali kuu ikaondoa ushuru kwenye hizo za kwanza, muuzaji wa Dar es Salaam atakuwa na oda mkononi ya kupeleka India. Nazo zitatembea kwa petroli kuanzia siku ya kwanza, hadi lita za Ilagala zitakapokuwa tayari.